Kabla fundi hajachimba msingi, hesabu kwanza vitu vyako

Tangu tuhamie kwetu huku Kibaha watu wananiletea sana ramani zao niziangalie, na mi kitu cha kwanza natafuta ni stoo. Naikuta wapi sasa? Imebanwa kati ya choo cha wageni na koridoo, mita 1.2 kwa 1.5, yaani imewekwa pale kwa vile kulibaki kanafasi. Halafu masta ina choo chake na wodrobu ya kuingia mzima mzima, sebule unaweza kuchezea mpira. Nikiuliza mchele mtaweka wapi, wanaangaliana.

Huku Pwani na Dar nyumba zetu za kawaida hazina chumba chini ya ardhi, na maeneo mengi ya karibu na bahari ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kuyazuia yasiingie ndani hela yake unaweza kupaulia nyumba nyingine. Huko juu ya dari nako usikutegemee, bati likipigwa na jua la saa nane mle ndani panachemka, na dari ya jipsamu haikuwekwa ibebe mzigo, weka sanduku la vitenge pale siku moja litakushukia sebuleni. Kwa hiyo kila ulichonacho kitakaa humo humo unamoishi, na kama hukukipangia sehemu kitajipangia chenyewe, ndo unakuta chumba cha wageni hakilaliki, kitanda kimejaa mabegi na mgeni akija analala sebuleni.

Ushauri wangu, kabla hujaenda kwa mchoraji chukua daftari, pita chumba kwa chumba hapo unapoishi sasa hivi uandike kila kitu ambacho hakina sehemu yake. Sisi ilitoka orodha ndefu aisee: magunia ya mchele ambayo wakwe wanatuma kutoka Kyela wakivuna, mahindi, yale masufuria makubwa ya shughuli (mama yeyote wa kikoba anayajua), viti vya plastiki, magodoro ya wageni, jenereta, ngazi, ndoo za akiba maji yakikatika, rangi na vigae vilivyobaki. Vigae msitupe jamani, kimoja kikija kupasuka baadae hupati tena rangi ileile dukani. Ukishaandika, pembeni weka alama, hiki natumia kila siku, hiki kwa mwezi, hiki Krismasi na misiba. Cha kila siku kikae hatua chache kutoka jikoni, cha misiba kinaweza kwenda hata banda la nje.

Sasa vipimo, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Tofali la inchi 6 ni kama sentimita 15, ukipiga plasta pande zote ukuta unafika 18 hivi, na ramani nyingine zinapima kuanzia katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta mwingine. Maana yake stoo iliyoandikwa mita 1.5 ukiingia ndani unapata kama 1.3. Weka shelfu ya sentimita 40 upande mmoja, inabaki 90 ya kupita na gunia mgongoni, basi imeisha, upande wa pili hauweki kitu. Ukitaka shelfu pande zote mbili unahitaji 1.7 safi ya ndani. Sisi tulichukua 1.8 kwa 2.4 ndani na tukaikata kwenye sebule, mzee wa nyumba alinuna kidogo maana alikuwa na mipango yake ya makochi, ila leo yeye ndo anaongoza kuwaonyesha wageni stoo.

Shelfu za chakula mi nasema za zege, zitiwe nondo na zimwagwe kabla ya plasta, fundi yupo saiti na saruji ipo. Mchwa hali zege. MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, ni nzuri kwa macho lakini ikilowa inavimba, na huku kwetu unyevu hauombi ruhusa. Usizidishe sentimita 40 kwenda ndani, ukizidisha vya nyuma unavisahau mpaka viharibike. Ile shelfu ya kwanza ianze juu, kama sentimita 90 au mita kutoka sakafuni, chini yake yanakaa magunia, na magunia yasiguse sakafu wala ukuta, tafuta paleti, zile fremu za mbao za kuwekea mizigo. Kidirisha kidogo chenye wavu wa panya ni lazima, stoo isiyopumua mchele unanuka. Mahindi weka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, funga vizuri, dumuzi wanakosa pumzi wanakufa bila dawa.

Kuna vitu stoo ya ndani haitakiwi kuviona kabisa. Mtungi wa gesi, wa akiba pia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini sakafuni, kwenye kachumba kaliofungwa unawasha taa tu inalipuka. Jenga kakibanda nje ya ukuta wa jiko, kawe na matundu chini. Mkaa na petroli ya jenereta navyo nje, tena visikae pamoja.

Vyumbani ni rahisi: kabati la nguo lisipungue sentimita 60 kwenda ndani la sivyo hanga hazikai, na lipande mpaka darini, ule mlango wa juu ndo wa mablanketi ya wageni. Mwenye ghorofa ana chini ya ngazi, mwambie fundi asikuzibie.

Kingine watu wanachosahau ni mlango wa stoo ufungukie nje, ukifungukia ndani umeshakula nafasi ya gunia zima, na soketi ya friza iwekwe mapema kabla ya plasta. Jirani yangu soketi ilisahaulika, sasa friza iko sebuleni pembeni ya tivii imefunikwa kitambaa, na wageni wanaweka soda zao juu yake wakidhani ni meza.