Kabla hamjalaumu ukataji miti: kwa wanaoanza kazi ya maji Dodoma

Wadogo zangu, wengi wenu mkipewa mto wa kuchunguza mnakimbilia ramani. Mnapakua picha za setilaiti za Landsat, za zamani na za juzi, mnakokotoa pori limepungua kiasi gani, kisha mnaandika kwamba ndiyo sababu ya mafuriko. Taratibu. Tazameni kwanza picha ilipigwa mwezi gani. Septemba vichaka vya huku vimepukutisha majani, na kompyuta itawaambia vimefyekwa. Shamba lililovunwa mtama na malisho yaliyochakaa navyo vinafanana mno.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Ile ya kwanza inakuta ardhi tupu: ng'ombe wamemaliza nyasi, mashamba yameshasafishwa. Matone yanautwanga udongo, chembe laini zinaziba vitundu, juu kunajifunga ukoko. Mvua ikikatika, chomekeni kisu mnyanyue ukoko huo. Mara nyingi sentimita chache chini ni vumbi kavu, na wakati huohuo korongo linanguruma. Mvua kama hiyo ikinyesha Machi, mtama umeshafunika ardhi, maji mengi zaidi yanazama. Kwa hiyo ukiweka kwenye modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria mvua inaleta maji kiasi gani mtoni, hali moja ya uoto kwa mwaka mzima, Desemba umeshaipoteza, na Desemba ndiyo yenye kesi.

Halafu kuna mchanga. Mto Kinyasungwe unatoka Dodoma, unapita Mpwapwa na kukutana na Mto Mkondoa kuelekea Kilosa, njia ileile ya reli ya kati. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliing'oa reli hiyo kati ya Gulwe na Kilosa. Ardhi iliyovuliwa nyasi haileti maji peke yake. Mchanga ukijaa chini ya daraja, maji yaliyokuwa yakipita bila shida yanapanda juu. Na ubao wa kupimia kina utawadanganya: mita moja ya mwaka huu si mita moja ya mwaka jana, maana kitako cha mto kimehama. Pimeni upya umbo la mto, ukingo hadi ukingo, kila baada ya msimu.

Anayebisha kwamba uoto una nguvu aende Kondoa, ambako mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 na mifugo ikaondolewa 1979. Majani yalirudi kwenye miteremko iliyokuwa mifupa mitupu. Lakini msiubebeshe uoto kila kitu. Kwenye mto mkubwa athari yake huonekana zaidi katika mafuriko madogo na ya kati. Mwaka wa El Niño, ardhi ikishashiba, pori na shamba hukaribiana. Mjini ni habari nyingine: Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022, na kila paa na kila kipande cha lami kinamwaga maji korongoni ndani ya dakika chache.

Basi endesheni modeli kwa uoto wa zamani na mvua ya sasa, kisha mgeuze: uoto wa sasa, mvua ya zamani. Tofauti ikiwa ndogo kuliko makosa ya kipimo chenu cha mto, iandikeni hivyohivyo, hata kama mfadhili alitaka kusikia habari ya miti.