Mkuu, toa WhatsApp kwenye hiyo mashine kabla ya Alhamisi

Acha. Usiguse kitu kwanza.

Unasema Alhamisi una usaili wa kazi kwa Zoom, mashine yako kioo inchi 11.6, utaonyesha slaidi, na unataka ukigawe kioo nusu slaidi, nusu WhatsApp Web ili jamaa yako awe anakukumbusha pointi. Hili la nusu kwa nusu nalikataa, maana kuna mdau hapo juu keshakwambia "gawa kioo halafu shea skrini nzima, usihangaike", na watu wamemgongea laiki. Mungu awasamehe wote.

Ushauri huo huo nilipewa mimi mwaka 2021 na jamaa tuliyekuwa tunachangia naye ofisi Sinza. Anajiita mtaalamu wa kompyuta, kazi tuliyomwona nayo ni kubadilisha wino wa printa. Akanionyesha: bonyeza kitufe cha Windows na mshale wa kushoto, dirisha linaruka kushoto, mshale wa kulia, linaruka kulia. Nikaona huyu ndiye. Hakuniambia kwamba kioo cha nukta 1366 kwa 768 ukikikata katikati kila dirisha linabaki na upana wa nukta 683, na kwa upana huo unaanza kukuza, kusogeza, Alt na Tab, Alt na Tab, mpaka hujui tena kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Wala hakuniambia kwamba skrini nzima maana yake ni nzima. Mimi nilijua wenzangu wanaiona ile nusu yenye slaidi tu. Cheka, lakini ndivyo nilivyojua.

Sasa siku yenyewe. Mimi na mwenzangu tunatengeneza tovuti. Tumepata mteja Arusha, mama mmoja mtu mzima mwenye kampuni ya kupeleka wageni mbugani. Tumemtajia milioni mbili na nusu. Mwenzangu yuko kwake Mbagala umeme umekatika, kwa hiyo mkutano naingia peke yangu, yeye ananisindikiza kwa WhatsApp. Kulia nimeweka slaidi, kushoto WhatsApp, nikabonyeza kushea skrini nzima kama nilivyofundishwa. Slaidi ya tatu, naeleza jinsi wageni watakavyolipia safari, sauti yangu imetulia kama ya mtangazaji, ujumbe ukaingia:

"Usishuke chini ya 1.8. Yule mama pesa anazo, ubahili tu."

Kwenye kile kidirisha cha video nikamwona mama anavaa miwani. Akasogea karibu na kamera. Katibu wake pembeni akaziba mdomo kwa faili.

Nikaukimbilia msalaba wa kufungia dirisha. Hapa nisikilize vizuri. Dirisha likikaa nusu ya kushoto, msalaba wake unaangukia katikati ya kioo, juu kabisa. Na ukianza kushea kwenye Zoom, ule mkanda wa vitufe vya mkutano unahama na kwenda kukaa wapi? Katikati ya kioo, juu kabisa. Umeufunika msalaba wangu kama kuku anayeatamia. Kosa si la Zoom, mkanda ule unaburutwa kwa mausi ukakaa unapotaka, na Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja zinauficha. Leo nayajua hayo. Siku ile nilibonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza, mashine yenyewe RAM GB 4, ikaganda. Picha iliyoganda ni ile ile yenye ujumbe. Ilipozinduka ikaleta mingine miwili kwa mpigo:

"Vipi, kakubali?"

"Akilia hali ngumu usimwonee huruma, gari analotembelea si umeliona."

Mama akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, huyo yule mama ndiyo mimi?"

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia mwanzo wa mkutano. Akaitikia marahaba, halafu akasema, "Kumbe mwisho wenu milioni moja na laki nane, na mimi mnaniambia mbili na nusu. Haya, nitawatafuta." Hiyo "nitawatafuta" sitaki nikueleze maana yake, wewe ni Mswahili. Tulikuwa tumeshalipia jina la tovuti yake kwa hela zetu wenyewe, kwa kimbelembele. Lilikaa mwaka mzima halina kitu, likaisha muda wake. Mwenzangu kwa wiki mbili alinisalimia kwa kichwa tu, na mpaka leo kwenye simu yake nimeandikwa "Skrini Nzima". Yule mtaalamu wa wino nilipomlaumu akaniambia, "Si ungezima arifa?" Arifa gani, na dirisha lenyewe liko wazi?

Kwa hiyo sheria ni moja, na sitaki ubishi: siku ya mkutano chati zinaishi kwenye simu. Kwenye mashine yanabaki madirisha mawili, la mkutano na la unachoonyesha, basi. Kufunga kichupo cha WhatsApp Web hakutoshi, maana mkono una mazoea, utakifungua tena bila kujua. Ingia WhatsApp kwenye simu yako, nenda vifaa vilivyounganishwa, iondoe hiyo kompyuta kabisa. Simu izime sauti na mtetemo, iegemeze kwenye kikombe, karibu na kamera ili macho yasihangaike. Anayekusaili anaona ukiwa unasoma pembeni. Hilo la kupewa majibu na jamaa sisemi kitu, ni yako na Mola wako.

Wakati wa kushea, Zoom inakuletea picha ndogo ndogo: skrini yenyewe, na kila dirisha lililo wazi. Chagua dirisha la slaidi. Google Meet nayo inakupa uchague kichupo, dirisha au skrini nzima. Skrini nzima ione kama jiko la moto. Ukishachagua dirisha lako usilishushe kwenye ule mkanda wa Windows ulio chini ya kioo, maana kwenye Zoom ukilishusha unachoonyesha kinasimama, utabaki unaongea huku wenzako hawaoni slaidi ikienda.

Na ile chati ya ndani ya mkutano nayo, kabla hujaandika angalia juu ya kisanduku imeandikwa inakwenda kwa nani. Mara nyingi ni kwa wote. Kuna kikao niliandika "huyu anamaliza saa ngapi" nikidhani namwandikia mtu mmoja, lakini hiyo ni mada nyingine na sijawa tayari kuizungumza.

Leo usiku fanya jaribio. Mpe mdogo wako simu akae chumba kingine, ajiunge kwenye Zoom yako, wewe shea dirisha la slaidi, umwambie akusomee kwa sauti kila anachokiona kwenye kioo, neno kwa neno, mpaka saa ya pembeni kama anaiona. Akitaja kitu ambacho hakimo kwenye slaidi, umechagua vibaya, toka uanze upya.

Na huyo jamaa wa pointi mwambie mapema: Alhamisi mpaka umtafute wewe, asikutumie hata "mambo".