Dubai hadi Guangzhou: ni saa ngapi angani?

Uliyeuliza kama Dubai–Guangzhou ni "saa kumi na moja" kwa ndege: hapana, hiyo ni saa ya ukutani inakuchanganya. Kwa mstari wa anga ni kama kilomita 5,800, na ndege ya moja kwa moja hutumia saa 7 hivi. Guangzhou wako mbele ya Dubai kwa saa 4, ndiyo maana tiketi inaonyesha umeondoka 10:00 (saa nne asubuhi) ukafika 21:00, yaani saa tatu usiku. Toa hizo nne, zinabaki saba.

Kurudi ni kirefu zaidi, karibu saa 8, kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Lakini saa ya ukutani itakuonyesha kama umetumia nne tu!

Ndugu yangu, kama ni safari ya mzigo, ukiona tiketi ya bei chee angalia kwanza inapitia wapi. Mimi niliwahi kuifurahia moja, nikakesha kwenye viti vya chuma uwanjani kwa saa 9 nikisubiri kuunganisha.