Kuhusu huyo tembo wa nyaya

Mama, meseji yako nimeisoma. Unauliza ukubali au ukatae, hoteli wanaitaka ile picha ila uwatolee antena kichwani na nyaya za mkongani, abaki tembo tu. Nitafika huko, ila kwanza yule yangeyange.

Si unamkumbuka, wa darasa la tano? Ulimchorea dukani kwa marehemu babu yako, miguu eriali, kifuani spika, mabawa manyoya kabisa unyoya kwa unyoya. Mwalimu akakusimamisha mbele ya darasa, huyu ndege gani, wenzio wakacheka, ukapewa sifuri. Mpaka leo roho inaniuma. Mtoto anashinda katikati ya redio zilizofumuliwa, akitoka nje yangeyange wamejaa jalalani, sasa achore nini? Mchoraji anachora dunia aliyoikuta, nasema kila siku. Babu yako wala hakubishana na mtu, aliigongomea juu ya meza yake ya kazi, wateja wakileta redio wanauliza huyu naye anashika stesheni gani, mzee anacheka mpaka anaweka bisibisi chini.

Na wasikwambie ni mambo ya kuiga. Lilanga, yule mchoraji wetu wa Tanzania, alijaza picha zake mashetani yenye masikio makubwa na matumbo, nani alimuuliza ni mnyama gani? Yule Wangechi Mutu wa Nairobi uliyenionyesha, anakata vipande vya pikipiki magazetini anaviunga na wanyama na miili ya wanawake, na 2019 sanamu zake zimesimama mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Dunia aliyoikuta, basi.

Lakini tena najiuliza, Tingatinga mwenyewe si alikuwa anauza? Rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, wageni wa Oysterbay wananunua, na hakuna anayesema hakuwa mchoraji. Kwa hiyo kuuza siyo kosa. Ila yeye hakuna aliyemwambia chui mtoe madoa... au labda walimwambia, sijui, naona nabishana mwenyewe hapa.

Mama yako kanikataza kukuamulia, kodi unalipa wewe, haya nanyamaza japo ulimi unaniwasha. Ila kama utazifuta hizo nyaya, piga picha kwanza unitumie, tena kwa karibu, pale nyaya zinapoingia kwenye ngozi na mikunjo inazifuata, maana pale ulipatia kuliko kote.

Baba