Wasomaji Wauliza: Ushairi Usomwe kwa Sauti

*Barua za safari hii zimetoka Tanga na wilaya zake, na zote zinahusu ushairi. Tumezifupisha kidogo.*

Shikamooni wahariri. Shuleni ushairi ulikuwa kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari, na kutaja dhamira, basi. Sasa nimemaliza masomo, nataka kusoma mashairi kwa kuyapenda tu, lakini nikifungua diwani, kitabu cha mashairi, usingizi unanichukua. Nianzie wapi?
*Msomaji, Chumbageni*

Marahaba, mwanetu. Anzia nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, jirani kabisa na Tanga mjini, na mashairi yake mengi utayaelewa bila kushika kamusi kila mstari. Tafuta *Koja la Lugha* au *Pambo la Lugha*. Uliza maktaba ya mkoa, kisha wauza vitabu vikuukuu.

Ila usiisome diwani kama riwaya. Usingizi unatoka hapo. Shairi la mapokeo lina mapigo yanayojirudia, na ukisoma kumi mfululizo kimyakimya sikio linazoea, maana inapita. Chukua shairi moja, ukae nalo wiki nzima.

Siku ya kwanza lisome kwa sauti, taratibu, ukivuta pumzi fupi mwisho wa ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na ndefu mwisho wa utao, nusu ya pili. Neno gumu lipite, usisimame. Siku inayofuata sikiliza vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana sauti. Mahali pa kina pana uzito, kwa hiyo mshairi hodari huweka pale neno linalobeba hoja, na mshairi dhaifu husukuma pale neno lolote linalofanana sauti. Ukianza kuyatofautisha hayo mawili umeshaingia ndani. Kisha jiulize nani anasema, anamwambia nani, na ni ubeti upi unaogeuza kauli. Shairi likiwa na kibwagizo, mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, kiangalie kwa makini: maneno ni yale yale, lakini beti zilizotangulia zimekwisha kuyabadilisha maana. Kamusi ifunguliwe mwisho, si mwanzo. Dhamira uliyoambiwa uitafute kwanza itakuja yenyewe.

Na usidharau taarabu. Mji uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star umekwisha kukufundisha ushairi mwingi kwa njia ya sikio. Chukua wimbo mmoja wa zamani unaoupenda, andika maneno yake kwenye daftari, uyapange kwa vipande, uone yanavyosimama bila ala.

Mimi hujaribu kutunga. Nikihesabu, mstari una mizani 16, lakini mzee mmoja hapa barazani kila mara ananiambia imezidi au imepungua. Nani kakosea?
*Msomaji, Ngamiani*

Ndugu yetu, huenda mnahesabu vitu viwili tofauti: wewe irabu, yeye silabi. Chukua mstari huu tuliouunda kwa ajili yako:

*Nimeingia mjini, Tanga mji wa bandari.*

Ukwapi: ni-me-i-ngi-a-m-ji-ni, mizani 8. Utao: Ta-nga-m-ji-wa-ba-nda-ri, mizani 8. Ukifuata irabu peke yake utapata 7 kila upande, kwa sababu *m* ya *mji* haina irabu lakini ni mizani kamili. Ndivyo ilivyo katika *mtu*, *mkono*, *mlango*. Lakini *nd* ya *bandari* na *ng* ya *Tanga* hazijitengi. Zinashikana na irabu inayofuata.

Wanaoteleza wengi huteleza kwenye *mb*. "Mtu mbaya" ni m-tu-m-ba-ya, mizani 5, kwa kuwa *m* hiyo ni kiambishi cha mtu. "Nyumba mbaya" ni nyu-mba-mba-ya, mizani 4. Maneno mafupi kama *mbwa*, *mbu*, *nge*, *nchi* na *nne* yana mizani mbili kila moja, maana mkazo unaangukia ile *m* au *n* ya mwanzo. Yatamke polepole, utalisikia. Kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, konsonanti iliyobaki bila irabu huhesabiwa pia: la-b-da ni 3, da-f-ta-ri ni 4.

Mstari ukikataa, washairi wana ruhusa mbili za zamani. Inkisari hufupisha, kama *meona* badala ya *nimeona*. Mazida hurefusha, kama *afiya* badala ya *afya*. Ushauri wetu ni kutotumia zaidi ya moja katika ubeti. Zikijaa, msikilizaji anasikia fundi anavyohangaika na kazi, hasikii shairi. Mara nyingi dawa ni kuubomoa mstari wote na kuanza na neno jingine. Na huyo mzee usigombane naye. Mghanie shairi lako badala ya kumwonyesha karatasi. Pale ulimi unapojikwaa ndipo kosa lilipo.

Katika sanduku la marehemu bibi tumekuta daftari la utenzi kwa herufi za Kiarabu. Mimi nasoma Kurani lakini humu nakwama. Tufanye nini?
*Msomaji, Pangani*

Poleni kwa msiba, na hongereni kwa kulitunza. Kwanza karatasi yenyewe. Msiibandike utepe wa gundi na msiipitishe kwenye plastiki ya moto. Vyote viwili huharibu karatasi kuukuu na havitoki tena. Mikono iwe safi na mikavu. Pigeni picha kila ukurasa, pamoja na kurasa tupu na jalada, mchana karibu na dirisha, bila taa ya kamera, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Kisha lifungeni kwa kitambaa safi cha pamba, liwekwe juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Kwenye hewa ya bahari, kuvu na mchwa ndio maadui wakubwa.

Kukwama kwako kuna sababu. Herufi za Kiarabu hazitoshi sauti zote za Kiswahili, hivyo waandishi wengi walitumia *ba* kwa b, p na mb, na *fa* kwa f na v. Neno moja linaweza kusomeka namna tatu. Hapo utenzi wenyewe unakusaidia: kila ubeti una vipande 4 vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi utenzi mzima. Usomaji unaovunja mizani au kina, uache. Fanyeni kazi hii wawili, mmoja anayejua herufi na mmoja mwenye sikio la tenzi.

Anzeni na beti za mwisho. Mara nyingi mtunzi hutaja huko jina lake, tarehe ya Hijria na hata idadi ya beti. Mwambao wenu umezaa watunzi wakubwa, akiwemo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyetunga utenzi wa Wajerumani kuitamalaki Mrima, yaani pwani ya bara, kwa hiyo msidhani daftari hilo ni dogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa hati za namna hii. Wapelekeeni picha kwanza, asili ibaki kwenu mpaka mkubaliane kama ukoo.

Nikisoma tungo za kale za Lamu na Mombasa naona kama lugha nyingine.
*Msomaji, Mkinga*

Shika funguo chache: *mato* ni macho, *ndia* ni njia, *nde* ni nje, na Lamu *moya* ni moja. Jihadhari na *teka*: mara nyingi ni cheka, wala hakuna aliyetekwa. Lakini usisanifishe unaposoma kwa sauti, maana vina vitavunjika. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, una beti 100 na ushei, na ni mlango mzuri.

Mashairi yasiyo na vina ni mashairi kweli? Wanafunzi wangu wanabishana.
*Mwalimu, Muheza*

Mwalimu, ubishi huo ulipamba moto tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974. Sisi tunasema ndiyo, kwa sharti. Waambie wanafunzi waandike shairi huru kama aya moja, mistari ikiwa imeunganishwa, kisha wasome yote mawili kwa sauti. Kama hakuna kilichopotea, lilikuwa nathari iliyokatwakatwa. Kama kimya cha mwisho wa mstari kilikuwa kinafanya kazi, kikichelewesha neno au kuziweka picha mbili uso kwa uso, watakisikia kikikosekana. Kipimo hicho hicho wakitumie kwa mashairi ya vina: waondoe vina, waone kama kuna jambo lililosemwa.