Re: Pennsylvania 1787, wajumbe 44 kati ya 69, mbona kikao kilikwama?

Salaam mkuu. Unauliza kwa nini Bunge la Pennsylvania lilikwama alasiri ya Septemba 28, 1787 wakati wajumbe 44 kati ya 69 walikuwa ukumbini, yaani zaidi ya nusu.

Anza na akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiendelee. Katiba ya jimbo hilo ya 1776 ilidai theluthi mbili ya wajumbe wote waliochaguliwa. Piga hesabu: 46. Walipungua wawili tu!

Kisha tenganisha asubuhi na alasiri, maana wanafunzi wangu hujichanganya hapo kila mwaka. Asubuhi hoja ya kuitisha mkutano wa kuamua kuhusu Katiba mpya ya Marekani ilipita, 43 kwa 19. Ilibaki kupanga tarehe na utaratibu wa uchaguzi wa wajumbe wa mkutano huo. Wale 19 wakatoka, hawakurudi. Walijua wanachofanya: Bunge lilikuwa linakaribia kufungwa, na jipya lingechaguliwa Oktoba, hivyo wakichelewesha suala lingeangukia Bunge hilo jipya.

Kesho yake kundi la watu likawafuata M'Calmont na Miley, wawili kati ya waliotoka, kwenye nyumba walizopanga, likawaburuza hadi ukumbini. M'Calmont akaomba alipe faini ya utoro aondoke zake, wakamkatalia. Wakatimia 46, uchaguzi ukapangwa Novemba. Kwangu mimi ule ulikuwa ubabe mtupu, kanuni au si kanuni.

Umeuliza pia kwa nini Seneti ya jimbo haikuingilia kati: haikuwepo. Pennsylvania ilikuwa na bunge la chumba kimoja hadi katiba ya 1790.