Maswali na majibu: Kuvuka mtaa wa maduka salama

Mbele ya duka langu pana kivuko cha pundamilia, ila madereva wanapita kama hakipo. Tupake rangi upya?

Pakeni, lakini rangi haisimamishi gari, ndugu yangu. Barabara ikiwa pana na imenyooka, mguu hukanyaga mafuta wenyewe, kibao kiseme kitakavyo. Kinachosaidia ni kuinua kivuko kizima kiwe sawa na njia ya waenda kwa miguu: gari ndilo lipande, mtu asishuke. Tazama na kona. Ikikatwa kwa duara kubwa, dereva anakunja bila kugusa breki. Ikibanwa, atapunguza mwendo atake asitake.

Kabla ya hayo yote, ondoeni magari yanayoegeshwa jirani na kivuko. Chuchumaa pale hadi kimo cha mtoto wa miaka sita uone anachokiona yeye: tairi, mlango na bampa. Ili aone barabara ni lazima achomoze kichwa mbele ya magari, na hapo ndipo dereva naye anamwona kwa mara ya kwanza. Mita tano au sita zikiachwa wazi, mnapoteza nafasi moja ya maegesho. Huenda ni ile unayoegesha wewe.

Nina miaka 74 na natembea kwa fimbo. Taa inageuka nyekundu nikiwa katikati. Nifanyeje?

Shikamoo mzee wangu. Usikimbie, kosa ni la taa. Mara nyingi muda wa kuvuka hupangwa kwa mtu anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde, ambaye barabara ya mita 14 ataimaliza kwa sekunde 12 hivi. Anayekwenda mita 0.8 anahitaji zaidi ya 17. Wahusika wanaweza kuongeza sekunde hizo bila kuchimba chochote, kwa hiyo waandikieni. Kama barabara ni pana, ombeni pia kisiwa cha katikati, kipana kiasi cha kutosha kiti cha magurudumu.

Je, daraja la juu si suluhisho?

Kwenye barabara kuu, sawa. Kwenye mtaa wa maduka, mwenye mzigo kichwani hapandi ngazi ili afike dukani ng'ambo. Atavuka chini.

Wanataka kushusha mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 30. Tofauti hiyo ndogo inasaidia nini?

Tuseme mtu anajitokeza mita 14 mbele yako, na unachukua sekunde moja kushtuka na kufika kwenye breki. Kwa mwendo wa 30, barabara ikiwa kavu, gari linasimama kabla ya kumgusa. Kwa mwendo wa 50, sekunde hiyo moja imeshaimaliza mita hizo zote: unamgonga kwa kasi ileile, breki bado hujaikanyaga. Na muda unaodhani utaupoteza, kwenye mtaa wenye foleni na taa kila kona hata huukuti.

Mimi ni mfanyabiashara. Magari yakizuiwa, wateja si watahama?

Hofu hiyo ni ya zamani. Mtaa wa Strøget, Copenhagen, ulipofungiwa magari mwaka 1962, wenye maduka walilalamika vilevile. Leo ni miongoni mwa mitaa ya maduka inayojulikana sana duniani. Anayeingia dukani ni mtu, hata kama alikuja na gari. Hata hivyo sitakudanganya: mtaa ukifungwa bila muda wa kushusha mizigo, tuseme alfajiri, na bila kituo cha basi karibu, utaumia. Hilo lidai mapema, kabla ramani haijapitishwa.

Mtaa wetu utakuwa sakafu moja, bila ukingo kati ya magari na watu. Mimi sioni. Nitajuaje nilipo?

Una haki ya kuhoji. Ukingo ndio unaoiambia fimbo yako kwamba njia imeisha. Barabara ya Exhibition, London, ilipotengenezwa hivyo, watu wasioona walipinga, na mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri zisitishe miradi ya namna hiyo. Dai angalau vigae vya kuongoza, vilivyoanza kutandikwa Okayama, Japani, mwaka 1967: vya mistari humaanisha endelea, vya vinundu simama. Omba pia kukagua mtaa mwenyewe kabla mkandarasi hajalipwa, na uangalie kama vinundu vinaishia kwenye kivuko au kwenye nguzo ya taa.